Hukwe Zawose na mchapishaji tuliyemkosa

Pwani hii ya Bagamoyo haijawahi kuishiwa watunzi. Kuanzia Vigwaza mpaka Kaole, mdundiko hupata maneno mapya kila msimu wa sherehe. Kilichoadimika ni mchapishaji: mtu wa kuununua wimbo, kuutunza na kuutembeza. Chukua maisha ya Hukwe Zawose, Mgogo wa Doduma, Dodoma. Mwalimu Nyerere alipendezwa na muziki wake akamwita Dar es Salaam. Baadaye akahamia Bagamoyo na kufundisha Chuo cha Sanaa, kilichoanza mwaka 1981. Kwa zeze, malimba na sauti iliyopanda na kushuka ghafla, alitunga muziki uliosikika mbali sana. Lakini albamu yake *Tanzania Yetu* ilitolewa Uingereza mwaka 1985, na *Chibite*, ya mwaka 1996, nayo ilitoka huko. Redio Tanzania ilirekodi muziki mwingi, nayo tunaishukuru. Ila kanda ya kurushwa hewani si lazima ifike dukani.

Uzito wa pengo hilo la mchapishaji unaonekana tukiitazama Vienna. Anton Diabelli, aliyezaliwa Mattsee mwaka 1781, alikuwa mtunzi wa kawaida, lakini mwaka 1818 alianzisha uchapishaji pamoja na Pietro Cappi. Mwaka uliofuata aliwapelekea watunzi wengi waltz yake, kila mmoja aigeuze mara moja. Kwa mwito huo wa mchapishaji, Beethoven akaigeuza mara 33.

Wapo watakaosema ngoma hurithishwa kwa sikio, haihitaji karatasi wala santuri. Ni kweli, na Zawose mwenyewe alirithi hivyo, akawarithisha ndugu zake wa kikundi cha Chibite. Ila urithi huo huhamisha wimbo. Koo na vidole vya mpigaji huzikwa naye. Wengine watasema mchapishaji ni mnyonyaji, na hapo wana hoja nzito, kwani mtunzi Schubert aligombana na Diabelli mwaka 1823 kuhusu malipo. Hata hivyo, Schubert alipofariki mwaka 1828 akiwa na miaka 31 tu, kampuni ya Diabelli ilinunua miswada yake mingi, ikaendelea kuichapisha kwa miaka mingi. Dhuluma ya malipo hurekebishwa kwa mkataba, lakini mkataba unahitaji pande mbili, na Bagamoyo upande wa pili haukuwepo. Zawose alifariki Desemba 2003, humo humo Bagamoyo, na albamu hizo mbili zilikuwa na nembo za Uingereza.