Ghorofa linalopumua kama kichuguu: lifahamu jengo la Eastgate

Wadau wa Manchira, Mugumu na Tarime, vichuguu vya mchwa tumevizoea tangu utotoni. Je, unajua kuna ghorofa la biashara lililobuniwa kwa kutazama kichuguu? Ni Eastgate Centre, lipo Harare, Zimbabwe, na lilifunguliwa mwaka 1996. Mbunifu wake ni Mick Pearce, akisaidiana na wahandisi wa kampuni ya Arup.

JENGO ENDELEVU NI NINI?
Ni jengo linalotumia umeme na maji kidogo, linalowafaa watu waliomo ndani, na lisilomfilisi mwenyewe kwa gharama za kuliendesha. Kwenye maghorofa mengi ya joto, mla umeme mkubwa ni kiyoyozi. Eastgate halina mtambo wa kiyoyozi wa jengo zima.

LINAFANYAJE KAZI?
Ni majengo mawili ya ghorofa 9 yaliyotazamana, katikati kuna uwazi ulioezekwa kwa kioo. Mchana, zege na matofali mazito hufyonza joto. Usiku Harare hupoa, basi feni husukuma hewa ya baridi kupitia sakafu zenye uwazi ndani yake, na zege linapoa tayari kwa kesho. Hewa ya moto hupanda yenyewe na kutokea kwenye dohani 48 za juu ya paa. Madirisha si makubwa, na yamekingwa jua. Inatajwa kwamba kutofunga mtambo wa kiyoyozi kuliokoa takriban dola milioni 3.5 wakati wa ujenzi.

Ila tusidanganyane. Watafiti Scott Turner na Rupert Soar walionyesha mwaka 2008 kuwa kichuguu hakifanyi kazi hasa kama Pearce alivyodhani. Kazi yake kubwa ni kubadilishana hewa, si kutunza joto lilelile muda wote. Hata hivyo jengo linafanya kazi, maana fizikia ya zege na hewa ya usiku ni ya kweli.

NA KWETU JE?
Jirani zetu Nairobi wana ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri, zilizofunguliwa mwaka 2011. Juu ya paa kuna paneli za sola za takriban mita za mraba 6,000, na hewa hupita bila viyoyozi vya kawaida.

Dar ni habari nyingine. Usiku wa pwani una joto na unyevu, kwa hiyo mbinu ya Harare ukiinakili kama ilivyo haitafua dafu. Kule kivuli na upepo wa bahari ndio wa kwanza. Lakini maghorofa ya vioo vitupu juani, yanayotegemea AC asubuhi hadi jioni, nayo ni mzigo: umeme ukikatika, ofisi inageuka tanuri.

Sisi wa Mara tuna bahati. Ziwa Victoria lenyewe liko mita kama 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huku kwetu ni juu zaidi, usiku hewa inapoa. Miji yetu ndo kwanza inaanza kupanda maghorofa. Anayejenga leo kwa kuiga vioo vya mjini, bili yake italipwa na mpangaji kwa miaka 50 ijayo. Paa lenye upenyo wa kutolea hewa, varanda, ukuta mnene, tangi la maji ya mvua: hivi fundi wa hapahapa anaviweza.

Haya vijana, hasa mnaosomea ufundi na ujenzi: soko au stendi ya kwetu mngeijengaje? Tupeni maoni hapo chini.