Daktari wa Watoto Aliyekalia Kiti cha Rais: Théodore Sindikubwabo na Butare ya Aprili 1994

Katika vitabu vingi vya historia ya Rwanda, Théodore Sindikubwabo hupewa sentensi mbili tatu tu. Huitwa mzee dhaifu aliyewekwa kitini na wanajeshi, kisha mwandishi anahamia kwa Kanali Théoneste Bagosora na wenzake. Mimi ni mzaliwa wa Rwimbogo, wilaya ya Rusizi, katika mkoa wa zamani wa Cyangugu, na huku kwetu ndiko serikali yake ilikopita ikikimbilia Zaire. Hata wazee wetu humtaja kwa mkato hivyo hivyo: kibaraka. Katika insha hii napinga neno hilo. Kibaraka hana chake cha kutoa, naye alikuwa nacho.

Alizaliwa mwaka 1928 upande wa Butare, akasomea udaktari. Chini ya Rais Grégoire Kayibanda alikuwa Waziri wa Afya. Juvénal Habyarimana alipotwaa madaraka mwaka 1973, Sindikubwabo alirudi hospitalini Kigali kutibu watoto. Baadaye akaingia tena katika siasa, safari hii kama mbunge wa Baraza la Taifa la Maendeleo, yaani bunge lililoundwa wakati chama cha MRND kilikuwa peke yake nchini. Mwaka 1994 ndiye aliyekuwa akiliongoza. Bunge lile halikuwa na meno, lakini kiti cha spika wake kilikuwa na jambo moja zito: ibara ya 42 ya katiba ya 1991 ilisema kwamba rais akifariki, spika anashika nafasi yake kwa muda.

Ndege ya Habyarimana ilidunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili. Kesho yake waliuawa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana na Joseph Kavaruganda, rais wa Mahakama ya Katiba. Bunge la mpito lililokubaliwa katika Mkataba wa Arusha wa tarehe 4 Agosti 1993 lilikuwa bado halijaapishwa. Kwa hiyo wale waliotaka serikali yao ionekane halali walibaki na mtu mmoja wa kumwonyesha dunia, tena mtu mzima, daktari, mwenye ibara ya katiba mkononi. Tarehe 9 Aprili aliapishwa kuwa rais, Jean Kambanda akawa Waziri Mkuu. Bunduki wanajeshi walikuwa nazo tayari. Sura ya sheria hawakuwa nayo, na hiyo ndiyo waliyoipata kwake.

Lakini ushahidi mkubwa zaidi uko Butare. Mkoa huo uliongozwa na Jean-Baptiste Habyalimana, mkuu wa mkoa pekee aliyekuwa Mtutsi, na kwa siku kama kumi na mbili sehemu kubwa ya mkoa haikufuata yaliyokuwa yakitendeka kwingine. Watu waliokimbia mikoa jirani walielekea huko wakitafuta usalama. Tarehe 17 Aprili radio ilitangaza kwamba Habyalimana amefukuzwa kazi. Baadaye naye aliuawa. Tarehe 19 Sindikubwabo alikwenda mwenyewe Butare kumsimika Sylvain Nsabimana. Mbele ya viongozi waliokusanyika aliwalaumu watu wa kwao kwa kukaa pembeni kana kwamba mambo hayawahusu, akawataka wasiotaka kufanya kazi wawapishe wengine wafanye.

Sisi tunaosoma lugha tusimame hapa kidogo. Neno "gukora", kufanya kazi, ni la kawaida kabisa kwa Kinyarwanda, la shambani na la ofisini. Mwezi ule lilikuwa limekwisha kupewa maana ya kuua, na wasikilizaji walilielewa. Ndiyo maana siridhiki na wanaosema kwamba alitamka maneno ya jumla tu. Kesho yake, tarehe 20, aliuawa Rosalie Gicanda, mjane wa Mfalme Mutara III, ajuza aliyeishi Butare mjini bila kumsumbua mtu. Mauaji ya Watutsi yakaenea mkoa mzima.

Kanali kutoka kaskazini angeweza kuamuru hayo? Pengine. Ila nadhani asingesikilizwa kama alivyosikilizwa mzee wa hapo hapo, daktari, aliyewahi kuwa waziri. Udaktari wenyewe sio ninaoushtaki. Vincent Biruta, naye daktari, aliongoza Seneti ya Rwanda kuanzia 2003 hadi 2011. Ninachosema ni kwamba heshima aliyojengewa na taaluma ndiyo iliyofungua masikio siku ile, naye aliitumia akijua.

Katikati ya Julai serikali yake ilisambaratika. Alipitia Cyangugu, ndani ya eneo lililoshikwa na majeshi ya Ufaransa ya Operesheni Turquoise, akavuka mpaka kuingia Bukavu. Alifariki Kinshasa Machi 1998. Tarehe 1 Mei mwaka huo huo Kambanda alikiri makosa ya kimbari mbele ya mahakama ya kimataifa huko Arusha. Hotuba ya Butare ilichambuliwa sana katika kesi iliyohukumiwa tarehe 24 Juni 2011, ambapo Nsabimana alikuwa miongoni mwa washtakiwa sita. Aliyeitoa hakuwahi kupandishwa kizimbani.