Panga Mlangoni: Nyumba ya Chai ya Japani na Baraza la Masisi na Walikale

Makala haya yanakusudia kulinganisha desturi mbili za kuketi pamoja: nyumba ya chai ya Wajapani na baraza la watu wa Masisi na Walikale. Huenda msomaji akaona kuwa pande hizi mbili ziko mbali mno. Lakini nyanda za juu za Kivu nazo zina mianzi na mashamba ya chai, na neno chai ni ndugu wa cha la Kijapani, kwani asili ya yote mawili ni Kichina. Zaidi ya hayo, desturi zote mbili zimejaribiwa na vita.

Tuanze na hekalu la Hokoku-ji mjini Kamakura, la madhehebu ya Zen. Lilianzishwa mwaka 1334, mwaka mmoja tu baada ya utawala wa kijeshi wa mji huo kuangushwa. Mwenye kulizuru huingia katika bustani yenye mianzi ipatayo 2,000, kisha huketi bandani kuielekea, akanywa bakuli la chai ya kijani iliyosagwa unga. Pana utulivu mkubwa. Hata hivyo, karibu na hapo mna mapango yaliyochongwa mwambani kuwa makaburi ya ukoo wa Ashikaga. Na mwaka 1439 Ashikaga Yoshihisa, mwana wa mtawala aliyeshindwa vitani, alijiua katika hekalu hilohilo.

Chai yenyewe ilienezwa na mtawa Eisai, aliyeleta mbegu kutoka China mwaka 1191. Katika karne ya 16, Japani ikiwa inaungua kwa vita vya makabaila, Sen no Rikyu (1522–1591) aliikamilisha desturi ya kuinywa. Chumba chake kilikuwa kidogo, na mlango wake wa kiasi cha sentimeta 66, hata kila aingiaye, awe bwana au mfanyabiashara, sharti ainame. Upanga uliachwa nje.

Kwetu, neno baraza lina maana mbili: mahali pa kukaa mbele ya nyumba, na mkutano wa kuamua mashauri. Maana hizi zinafuatana, maana shauri la haki husemwa mbele za watu, si chumbani. Machi 1993 mauaji yalianzia sokoni Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi, na maelfu ya watu wa jamii mbalimbali wakapoteza maisha. Mwaka 1998 iliundwa Barza ya jamii zote za Kivu ya Kaskazini ili kusuluhisha ugomvi wa ardhi na wa madaraka. Kufikia mwaka 2005 ilikuwa imesambaratika kwa mivutano ya kisiasa. Januari 2025 mji wa Masisi ulitekwa na waasi wa M23. Machi ikawa zamu ya Walikale, miaka 32 baada ya Ntoto.

Je, tuseme kuwa baraza limeshindwa? Historia ya Japani inatuonya tusihukumu haraka. Toyotomi Hideyoshi alikuwa mpenzi mkubwa wa chai. Mwaka 1588 aliwanyang'anya wakulima silaha zao. Mwaka 1591 alimwamuru Rikyu ajiue. Mwaka 1592 akaivamia Korea. Aliuacha upanga mlangoni, lakini jeshi lake lilibaki likimngoja. Amani ya muda mrefu ilianza mwaka 1615, utawala wa Tokugawa ulipowaamuru makabaila wabomoe ngome zao, kila jimbo libakiwe na moja tu. Hapo ndipo sharti la mlangoni lilipowafunga hata wakubwa.

Basi kosa halimo katika kuketi pamoja. Wazee wa Masisi na Walikale hawakukosa hekima ya maneno. Walikosa sheria ya kuwabana wenye majeshi, ambao mara nyingi hawakuketi barazani kabisa. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wetu: kukusanya msamiati na taratibu za mabaraza hayo wangali hai wanaozijua, kabla kambi za wakimbizi hazijawatawanya. Siku sheria itakapopatikana, sharti ikute baraza bado lina lugha yake.