Mota ya makaa: toka mbio za magari madogo hadi meza ya fundi wa Butembo

Butembo na Beni, mtoto akipata redio-kaseti iliyokufa hatafuti spika, anatafuta mota. Ataifunga kwenye gari lake la waya lenye magurudumu ya vipande vya ndala, ataweka pile mbili, na gari litatembea. Kisha ataongeza pile. Hapo mara nyingi anashangaa, sababu mota nyingi za kaseti zina kidhibiti mwendo ndani ili muziki usikimbie, na pile mbili zaidi hazibadilishi kitu kikubwa. Akichukua ile inayofungua mlango wa deki ya DVD, isiyo na kidhibiti, gari litaruka kweli, na baadaye mota itanuka moshi.

Namna ya kutoa nguvu zaidi kwenye mota ndogo bila kuiunguza ni swali ambalo limewashughulisha watu wa nchi nyingi, na wengine walilifanya kazi ya maisha.

Mwaka 1821, Uingereza, Michael Faraday alionyesha kwamba waya wenye umeme unaweza kuizunguka sumaku. Mwaka 1832 William Sturgeon akatengeneza mota yenye komuteta, yaani kile kipande cha shaba kilichokatwakatwa ambacho hugeuza mkondo kila nusu mzunguko ili mhimili uendelee upande mmoja. Zamani umeme uliingia kwenye komuteta kwa brashi za shaba, na shaba ikisugua shaba zote mbili zinaliwa. Mwaka 1885 George Forbes wa Scotland alipata hati ya brashi za kaboni. Ndiyo makaa ambayo mafundi wetu wanayaita sharbo. Makaa ni laini, yanaisha yenyewe na kuacha komuteta nzima.

Japani ndiyo iliyofanya mota hizi ziwe ndogo na za bei ya chini. Kenichi Mabuchi alianzisha kampuni mwaka 1954, na mota zake ziliingia kwenye vichezeo vya dunia nzima. Mwaka 1976 kampuni ya Tamiya ilitoa gari lake la kwanza la kuongozwa kwa redio, Porsche 934. Afrika Mashariki haikukosa kwenye hadithi hii. Toyota Celica ilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986, na Tamiya nayo ilitoa mfano wa Celica ya Kundi B wa kuongozwa kwa redio.

Mbio zilipoanza kuwa za ushindani, mota ya kawaida ya aina ya 540, yenye kipenyo cha milimita 36 hivi, haikutosha tena. Watu wakaifungua. Kazi ya kwanza ilikuwa kusuka upya, ile ambayo wengi hapa wanaiita bobinaji. Mota ya kawaida ya mashindano ilikuwa na mizunguko 27 ya waya kwenye kila jino la rota. Fundi aliitoa yote na kusuka kumi au kumi na tatu kwa waya mnene zaidi, au nyuzi mbili tatu kwa pamoja. Hesabu yake ni rahisi. Ukipunguza mizunguko nusu na kutumia waya wenye eneo la mkato maradufu, ukinzani unabaki robo, mota inakaribia kuzunguka mara mbili kwa volti zile zile, na inakunywa umeme kwa kiu kubwa. Tena mbio zilikuwa za dakika chache tu, nne au tano kwa magari ya vumbi. Aliyesuka kwa tamaa aliongoza dakika tatu, kisha akasimama njiani na bateri tupu. Huyo hakushindwa na mpinzani, alishindwa na hesabu yake mwenyewe.

Baada ya waya ilifuata komuteta: kuichonga kwenye mashine ndogo mpaka iwe duara kamili, maana kikwaruzo kidogo kinafanya makaa yaruke na kutoa cheche. Makaa yalichaguliwa kwa kiasi cha fedha au shaba iliyochanganywa ndani, na springi ikapimwa: ikibana sana inavunja mwendo, ikilegea inaunguza. Mwishoni fundi aligeuza kifuniko cha nyuma kidogo ili makaa yaguse mapema. Mwendo uliongezeka, na joto pia. Marekani, Mike Reedy alipata jina kubwa kwa kazi hiyo tu.

Ili wenye pesa wasishinde peke yao, vyama vya mbio viliweka daraja la mota zisizoguswa, mizunguko 27, na daraja la mota zilizobadilishwa. Lakini miaka ya 2000 mota zisizo na makaa zikaingia, na kwa muda mfupi meza za kuchonga komuteta zikafungwa. Zimeacha lugha yao: hata leo mota hizo mpya huitwa kwa idadi ya mizunguko, 13.5 au 17.5.

Kwetu meza haijafungwa. Demarere ya pikipiki ina makaa, dinamo ya gari ina makaa, na mashine za kutoboa na kukata chuma pia. Mwaka 2013 kituo kidogo cha umeme wa maji kilianza Mutwanga, chini ya Ruwenzori, na umeme ukija karibu, mashine za namna hiyo zinafuata. Eneo hilo hilo limeona familia nyingi zikikimbia mashambulizi na kuacha karakana nyuma. Anayejua kusuka anaweza kuanza tena akiwa na koleo, karatasi ya kutenga waya na waya wa shaba uliotolewa kwenye mota iliyokufa.

Mwanafunzi wake anaanza kwa kufungua mota iliyoungua polepole, akihesabu kila mzunguko kwa sauti. Anaandika daftarini idadi, unene wa waya na upande ulikoanzia. Akikosea hesabu kwenye jino moja, rota nzima itatetemeka, naye atafungua tena tangu mwanzo.