Daytona Beach: Ufukwe Uliozaa Mbio za Magari ya Kawaida

Mji wa Daytona Beach, ulioko pwani ya mashariki ya jimbo la Florida nchini Marekani, ulijulikana kwa mchanga wake kabla ya kujulikana kwa magari, kwa kuwa maji yanapokupwa mchanga huo laini hubaki mbichi na kushikamana hadi gari likapita juu yake bila magurudumu kuzama. Tangu mwaka 1903 waunda magari walipima kasi hapo na katika ufukwe jirani wa Ormond, na mnamo Machi 1935 Mwingereza Malcolm Campbell alifikisha takribani kilomita 445 kwa saa; lakini mwaka huohuo alihamia uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimboni Utah, usiotawaliwa na kupwa na kujaa kwa maji.

Ili kuziba pengo hilo, wakuu wa mji waliandaa, tarehe 8 Machi 1936, mbio za magari ya kawaida, yaani magari ya aina ambayo raia yeyote angeweza kuyanunua dukani, tofauti na yale yaliyoundwa mahususi kwa mashindano. Njia yake, yenye urefu wa takribani kilomita 5, ilipita ufukweni upande mmoja na kurudi kwa barabara ya lami upande wa pili, na ncha zake ziliunganishwa kwa kona mbili za mchanga. Kona hizo ndizo zilizoharibu shughuli, kwani zilichimbika kwa kila mzunguko hadi magari yakakwama, mbio zikakatishwa kabla ya umbali uliopangwa kutimia, Milt Marion akatangazwa mshindi na mji ukapata hasara ya takribani dola 22,000. Miongoni mwa madereva alikuwamo Bill France, fundi magari aliyehamia mjini humo miaka miwili nyuma, ambaye alishika nafasi ya tano na ambaye mwaka 1938 alianza kuyasimamia mashindano hayo mwenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mchezo huu ulisumbuliwa na kanuni zilizotofautiana baina ya uwanja na uwanja, pamoja na waandaaji waliotoweka na fedha za washindi, dhuluma nzito kwa watu waliohatarisha maisha yao. Kwa sababu hiyo France aliitisha mkutano katika hoteli ya Streamline, mjini humohumo, Desemba 1947, na humo kikazaliwa NASCAR, chama cha kusimamia mbio za magari ya kawaida. Mbio zake za kwanza, Februari 1948, zilitumia magari ya zamani yaliyoongezewa nguvu, kwa kuwa magari mapya yalikuwa adimu, na mshindi alikuwa Red Byron, aliyejeruhiwa vibaya mguu vitani. Byron alishinda tena ufukweni hapo Julai 1949, safari hii kwa magari mapya, katika mbio zilizowashirikisha pia wanawake watatu: Sara Christian, Ethel Mobley na Louise Smith.

Hata hivyo bahari haikuacha kupanga saa ya kuanza, na hoteli zilizidi kuusonga ufukwe. Mbio za mwisho mchangani zilifanyika Februari 1958, akashinda Paul Goldsmith. Mwaka uliofuata magari yalihamia kwenye uwanja mpya wa lami wa France, kilomita chache kutoka ufukweni, wenye kona zilizoinuliwa kwa nyuzi 31.