Kampuni isiyo na ofisi: Namna wataalamu wanavyoiendesha kutoka majumbani

Na Mwandishi Wetu

KWA wakazi wengi wa mijini, kampuni hutambulika kwa jengo, kibao cha jina mlangoni na wafanyakazi wanaoingia asubuhi na kutoka jioni. Hata hivyo, zipo kampuni zisizo na hata chumba kimoja cha ofisi, ambazo wataalamu wake wote hufanya kazi wakiwa majumbani.

Wapo wanaoamini kuwa utaratibu huo ulizaliwa mwaka 2020, wakati ugonjwa wa Uviko-19 ulipozifunga ofisi katika nchi nyingi. Ukweli ni kwamba una umri wa zaidi ya miaka 60, na ulianza kabla ya intaneti.

Mwaka 1962 nchini Uingereza, Stephanie Shirley alianzisha kampuni ya kuandika programu za kompyuta, Freelance Programmers, kwa mtaji wa pauni sita. Ofisi ilikuwa nyumbani kwake.

Shirley, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1933 na kufikishwa Uingereza mwaka 1939 akiwa mtoto mkimbizi, aliwalenga wanawake wenye taaluma walioacha kazi baada ya kuolewa au kujifungua. Katika wafanyakazi 300 wa mwanzo, wanaume walikuwa watatu tu.

Barua zake za kuomba kazi kwa wateja zilipokosa majibu, alianza kuzisaini kwa jina la Steve, ambalo ni la kiume, na majibu yakaanza kupatikana.

Wanawake hao waliandika programu kwa penseli na karatasi, kisha wakazituma kwa posta kwenye kituo cha kompyuta ili zitobolewe kwenye kadi. Sharti kubwa la kuajiriwa lilikuwa kuwa na simu. Mteja alipopiga, Shirley alifungulia kanda yenye mlio wa mashine za chapa ili kufunika sauti ya mtoto.

Miongoni mwa kazi zilizofanywa majumbani humo ni programu ya kinasa taarifa za safari cha ndege ya Concorde.

Sheria ya kupinga ubaguzi wa kijinsia iliyopitishwa Uingereza mwaka 1975, iliyokusudiwa kuwalinda wanawake, iliilazimu kampuni hiyo kufungua milango kwa wanaume. Mwaka 1996 iliingia katika Soko la Hisa la London, na kwa kuwa Shirley alikuwa amewagawia wafanyakazi sehemu ya hisa, 70 kati yao walipata kuwa mamilionea. Shirley alifariki dunia Agosti 2025 akiwa na umri wa miaka 91.

Misingi ya uendeshaji

Msingi wa kwanza ni kupima kazi iliyokamilika badala ya saa za kukaa kitini. Meneja asiyemwona mfanyakazi wake analazimika kueleza tangu mwanzo ni kitu gani kinatakiwa, kwa kiwango gani na lini. Pasipo maelezo hayo, wengine huamua kuwapigia simu wafanyakazi kila mara, jambo linalowachosha pande zote.

Msingi wa pili ni maandishi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. GitLab, kampuni ya programu isiyo na ofisi iliyoingia katika soko la hisa la Marekani mwaka 2021 ikiwa na wafanyakazi katika nchi zaidi ya 60, huweka taratibu zake katika kitabu cha mwongozo cha kurasa zaidi ya 2,000, ambacho hata mtu wa nje anaweza kukisoma.

Msingi wa tatu ni mpangilio wa muda. Saa 10 jioni ya Dar es Salaam au Nairobi, New York huwa ni saa 2 au saa 3 asubuhi, kutegemea msimu. Bila makubaliano ya saa chache za kukutana, mfanyakazi wa Afrika Mashariki hujikuta akihudhuria vikao usiku wa manane.

Msingi wa nne ni miundombinu. Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, intaneti ilizorota katika nchi kadhaa za ukanda huu. Kampuni inayotegemea nyumba za watu inahitaji mpango wa siku kama hiyo, ikiwa ni pamoja na kujua kazi zipi zinaweza kuendelea bila mtandao.

Usiri nao ni sehemu ya mpango huo. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Kompyuta inayotumiwa na familia nzima si mahali pa kuhifadhi taarifa za wateja.

Nani anabeba gharama?

Suala linalosahaulika zaidi ni gharama. Mwajiri anayeacha kulipa pango huokoa fedha, lakini umeme, intaneti na meza ya kazi bado vinalipiwa na mtu fulani. Mkataba usipotaja mlipaji, mfanyakazi ndiye anayegeuka kuwa mwenye nyumba wa kampuni, asiyepokea kodi.

Vijana wanaoanza kazi nao huhitaji uangalizi wa pekee, kwani ufundi mwingi wa ofisini hujifunzwa kwa kumtazama aliyetangulia. Mahali pasipo na wa kumtazama, kampuni inaweza kumpangia kila mgeni mtu mmoja wa kumuuliza maswali.