Sungura akisusa chakula, usingoje asubuhi

Sungura wetu wa kwanza alikufa kwa kosa langu. Ulikuwa msimu wa kaskazi, jua la Mombasa likiwaka kwelikweli, binti yangu akanijia jioni: "Baba, sungura hali." Nikamjibu, "Mwache, njaa ikimshika atakula." Asubuhi tulimkuta amejikunyata palepale. Nikampa unga wa kapsuli ya amoksilini iliyobaki nyumbani. Kesho yake tukamzika nyuma ya nyumba. Binti yangu hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Watoto wengi mitaani kwetu wanafuga sungura siku hizi. Haya ndiyo niliyojifunza baadaye kwa madaktari wa mifugo.

Kwa nini ni hatari

Tumbo la sungura halipumziki. Nyasi anazokula ndizo zinazosukuma zilizotangulia. Akiacha kula, matumbo hulegea, gesi hujaa, maumivu huanza, naye kwa maumivu hayo huzidi kukataa chakula. Tena sungura hawezi kutapika. Akipitisha nusu siku bila kula wala kunya, hiyo ni dharura.

Dalili

Tazama kinyesi kwanza: vidonge hupungua, huwa vidogo, au hukosekana kabisa. Hujikunyata pembeni, husaga meno kwa uchungu, na pengine tumbo huvimba likawa gumu.

Sababu

Meno ya sungura hukua maisha yake yote. Asipopata nyasi za kuyasaga, magego hutoa ncha zinazokata ulimi na mashavu. Utamwona anakisogelea chakula kisha anakiacha, na kidevu kimelowa mate.

Joto nalo ni adui wa hapa Pwani. Sungura hatoi jasho kama sisi, na joto likipita nyuzi 30 huanza kutaabika. Banda la mabati lililo juani ni tanuri.

Sababu nyingine ni kubadilishiwa chakula ghafla, kulishwa mkate na chapati, au kutishwa na paka na mbwa.

La kufanya

Mpigie daktari wa mifugo mara moja, na umuulize kama amewahi kutibu sungura. Ukimsubiri, mweke sungura kivulini penye upepo na utulivu. Kama ana joto kali, mloweshe masikio kwa maji ya kawaida, si ya barafu. Masikio yakiwa baridi, mfunike kitambaa. Mwekee maji kwenye bakuli na umpe majani yenye harufu, kama kotmiri.

Usimlishe kwa nguvu kabla daktari hajakuruhusu. Tumbo likiwa limevimba au limeziba, chakula hicho kitamwongezea madhara. Akikuruhusu, tumia bomba la sindano lisilo na sindano, upitishie pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, bila kumlaza chali.

Na dawa za binadamu usithubutu. Amoksilini ya kumeza huua vijidudu vyema vya tumboni mwake, na baada ya hapo yeye mwenyewe.

Kinga

Sehemu kubwa ya chakula chake iwe nyasi kavu, apate kila saa. Majani ya viazi vitamu yawe kiasi, na kabeji usizidishe. Kila asubuhi kagua kinyesi kabla ya kufagia banda.

Sungura wetu wa pili naye alisusa chakula, usiku baada ya isha. Safari hii sikungoja. Daktari alikuta magego yametoa ncha, akayasawazisha na kumdunga sindano ya maumivu. Jioni ya pili binti yangu aliinama chini ya banda, akaviona vidonge vya kwanza vya kinyesi, akavihesabu mmoja mmoja kama anayehesabu ushanga. Vilikuwa kumi na moja.